Mshahara Uliofutwa

Kila Rahaf alipotoka shule, aliikuta kompyuta ya mama yake imewashwa mezani, nyumbani kwao katika mji wa Irbid. Mama, Dokta Nisrin, alifundisha takwimu chuo kikuu. Wahadhiri wenzake wanawake walikuwa wamemwomba apime kama kweli wanalipwa chini ya wanaume. Alilinganisha wenye cheo kimoja na miaka ileile kazini, kisha akapima kama tofauti ingeweza kuwa ya bahati tu. Rahaf alimsaidia kuingiza mishahara.

Mwanamke mmoja alilipwa zaidi kuliko wanaume wengi. "Huyu atamharibia mama," Rahaf aliwaza. Akamfuta kwenye orodha bila kumwambia mama.

Siku ya kupeleka matokeo kwenye baraza la chuo, Mama alirudi uso umemshuka.

"Wamenicheka, Rahaf! Wameniuliza Profesa Abla na mshahara wake mkubwa nimemficha wapi. Sikuandika majina, lakini pale nani asiyejua mshahara wa mwenzake?"

Jioni Profesa Abla mwenyewe akabisha hodi. Rahaf alimletea kahawa. Mgeni akakiweka kikombe chini bila kuonja. Rahaf akashtuka, maana kwa desturi yao mgeni akifanya hivyo ana ombi zito, na hanywi mpaka atimiziwe.

"Nisrin, nataka ukweli. Umenifuta kama sikuwahi kufundisha pale?"

"Wallahi sijui, dada yangu."

"Basi kahawa na ipoe."

Mama akaangua kilio mbele ya mgeni. Rahaf hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi, mama mkubwa. Nilitaka mama ashinde."

Profesa Abla akainua kikombe na kuinywa ile kahawa, baridi vilevile.

Baraza lilimpa kazi hiyo mhadhiri mwingine, mwanamume. Alihesabu watu wote. Pengo lilipungua, lakini lilikuwepo, wala halikuwa la bahati. Wanawake wakaongezewa mishahara, na kila mtu akamshukuru yule bwana. Mama naye alikwenda kumpa mkono, kisha akarudi nyumbani akajifungia chumbani.

"Mama, nisamehe," Rahaf aliita mlangoni.

Mama akafungua, macho mekundu. "Nimeshakusamehe. Na mimi nilikosa, sikukagua. Lakini ukweli wetu ulikuwa unatosha, mwanangu. Ulipoutia uongo kidogo, watu wakaacha kuniamini hata niliposema kweli. Usimsaidie mtu kwa udanganyifu, hata akiwa mama yako."

Rahaf alimkumbatia, wakalia wote wawili.