Kampuni Isiyosikia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alimsindikiza babu yake mpaka kwenye kibanda chake cha kutengenezea saa. Yeye alibeba kigoda. Babu alibeba sanduku la vifaa, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na bisibisi zake ndogo. Ndani ya kibanda saa za ukutani zilijaa kila upande, na kila moja ilikwenda inavyotaka. Mgeni aliweza kuingia saa mbili na kutoka saa sita bila kukaa hata dakika tano.

Kasuku si jina alilopewa na wazazi wake. Majirani ndio waliomwita hivyo, kwa sababu masikio ya Babu yalipoanza kuchoka, yeye ndiye aliyeyarudia maneno ya wateja karibu na sikio lake, kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Hakuacha hata yale ambayo mteja alikusudia kuyasema chinichini. Kazi hiyo iliisha siku watoto wa Babu walipochanga wakamnunulia kifaa cha kusikia, kitu kidogo kama harage, cha kuvaa sikioni. Siku hiyo Babu aliisogeza saa ya mkono karibu na sikio, akafumba macho, akacheka peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa akitengeneza saa bila kuzisikia.

Sasa kifaa kilikuwa kimenyamaza. Hakikuanguka wala hakikuingia maji. Jumatatu kilisikia, Jumanne hakikusikia, na kitaa chake kidogo kikawaka chekundu. Wateja walimsalimia Babu asiitikie, na wengine wakasema mzee ameanza maringo. Kisha akamrudishia mteja mmoja saa aliyodhani imepona, kumbe bado inakwama. Yule mteja hakugomba, alimwonea huruma tu, na huruma hiyo ilimuuma Babu kuliko matusi. Jioni alimwambia Mama kwamba mwisho wa mwezi angekifunga kibanda. Kasuku alisikia, na chakula kikamshinda.

Mama, ambaye alifanya kazi ya kufua nguo za hospitali, aliitumia siku yake ya mapumziko kwenda ofisi ya kampuni iliyouza kile kifaa. Alikuta mlango wa kioo, viti laini na kijana mwenye tabasamu. Kijana alimweleza kwamba pale ni mahali pa kutazama bidhaa. Shida zote hupelekwa kwa simu. Mama akamwomba basi apige yeye, kwa kuwa simu ilikuwa mezani pake. Kijana akasema hata yeye akiwa na shida hupewa namba hiyohiyo. Mama alirudi nyumbani akiwa haelewi kama amesaidiwa au amefukuzwa.

Ndipo Kasuku akaichukua simu ya Mama. Sauti ilimwambia abonyeze moja kama anataka kununua, na tisa kama anataka msaada. Alibonyeza tisa. Ukaja muziki, kisha sauti ikisema kwamba simu yake ni muhimu sana, kisha muziki tena. Kasuku alijiuliza, kama simu yake ni muhimu hivyo, mbona hawaipokei? Muziki ulipokwisha, mwanamume mmoja alipokea na kusikiliza habari yote bila kukatiza.

"Kwa usalama wa mteja," alisema, "mwenye kifaa azungumze mwenyewe."

"Lakini mwenye kifaa hasikii."

"Nimekuelewa. Basi mpe simu."

Kasuku aliitazama ile simu kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu. Alieleza upya, na yule mhudumu akamjibu maneno yaleyale kwa upole uleule. Mwishowe akamwambia mzee anaweza kuacha ujumbe, aeleze shida yake baada ya mlio.

Sasa, Babu ni mtu wa adabu. Mlio ulipolia na Kasuku akamwashiria aseme, aliwasalimia watu wa kampuni, akawauliza hali za nyumbani, akawapa pole kwa kazi na kwa jua kali. Alipokohoa ili aingie kwenye habari yenyewe, simu ikakatika. Wakapiga upya. Babu aliona si uungwana kumrukia mtu na shida zako bila salamu, hata kama ulimsalimia muda si mrefu, kwa hiyo akaanza tena na hali za nyumbani. Kesho yake uliingia ujumbe: "Mpendwa mteja, asante kwa maoni yako mazuri. Shauri lako limefungwa."

Kasuku aliusoma akausoma tena. Limefungwa na nani? Lilifunguliwa lini? Alikuwa na hasira kwa watu asiowajua hata sura.

Jumamosi, akiwa amekaa na Babu kibandani, wazo likamjia. Alipiga ile namba, na safari hii akabonyeza moja. Simu ikapokelewa hata kabla haijaita sawasawa. Kumbe masikio wanayo, Kasuku aliwaza. Ulimi hauna mfupa. Akaifanya sauti yake kuwa nzito kama ya mtu mzima, akasema anapiga kutoka shuleni, kwamba darasa zima lina wanafunzi wasiosikia vizuri, na kwamba mwalimu mkuu anataka vifaa leo hii. Waliuliza pa kumkuta. Akawaelekeza kibandani. Hakufikiria yatakayofuata. Alitaka tu aje mtu mwenye uso, amwone, amweleze.

Alasiri mtu huyo akaja. Alikuwa mwanamke kijana, muuzaji wa ile kampuni, viatu vimejaa vumbi na begi kubwa limemwinamisha bega. Alimpa Babu shikamoo, Babu hakuitikia, naye akamgeukia Kasuku na kuuliza alipo mwalimu mkuu. Uso wake uling'aa kwa furaha. Alisema tangu wiki ianze hajauza hata kimoja, na kama ingekwisha hivyo kazi ingemponyoka. Aliposikia habari ya darasa zima, aliwaacha watu waliokuwa wakimngoja mtaa wa nyuma akaja mbio.

Kasuku alikuwa amejiandaa kuikasirikia kampuni. Hakuwa amejiandaa kumwona mtu aliyechoka, mwenye vumbi, akimshukuru. Angeweza kusema mwalimu mkuu ametoka kidogo. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, lakini kila alipomtazama yule dada alizidi kuona aibu.

"Hakuna mwalimu mkuu, dada," alisema. "Nilidanganya."

Muuzaji alilitua begi chini polepole. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba tangu asubuhi anatembea na begi hilo. Babu aliona nyuso zao zimebadilika, akauliza kuna nini. Na kwa kuwa kurudia maneno ilikuwa kazi yake, Kasuku alilazimika kuinama karibu na sikio la babu yake na kuurudia uongo wake wote kwa sauti kubwa, neno kwa neno: shule, darasa zima, mwalimu mkuu. Fundi viatu wa kibanda cha pili aliacha kugonga nyundo ili asikie vizuri. Machozi yalimtoka Kasuku kabla hajafika mwisho.

Babu aliinuka, akampisha mgeni kwenye kigoda, akamsukumia kikombe chake cha chai ambacho hakuwa amekigusa. Alimwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Muuzaji alikunywa kidogo, kisha macho yake yakaangukia kile kitaa chekundu. Akauliza kama kifaa kilisema chochote kabla ya kunyamaza. Kasuku akafuta machozi na kulirudia swali.

"Kifaa hakikusema kitu," Babu alijibu. "Ila siku ile kuna binti alinisemesha nikiwa nimeinamia saa ya mteja. Hana hodi, hana salamu. 'Sema jina lako.' Nikanyamaza. Akarudia, nikanyamaza. Nikasema huyu hakufundwa kwao, na mimi simjibu. Hata kichwa sikuinua. Akachoka mwenyewe akaenda zake."

Muuzaji alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaeleza, na Kasuku akawa anarudia. Yule binti ni kifaa chenyewe. Kampuni iliweka ile sauti ili kumtambua mwenye mali. Usipoijibu, kifaa hudhani kimeibwa na kujifunga. Kasuku akauliza mbona hawakuambiwa. Muuzaji akasema hata wauzaji waliambiwa baadaye, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kupeleka malalamiko kuhusu sauti hiyo. Alijibiwa kwamba shauri lake limefungwa.

Alitoa simu yake ya kazi, akakichomoa kifaa, akaandika namba iliyochorwa nyuma yake, akakirudisha sikioni mwa Babu. Baada ya kitambo macho ya Babu yakapanuka. Akajinyoosha, akafungua mdomo ili asalimie. Kasuku alimwekea mkono gotini na kumwonyesha ishara: jina kwanza. Babu akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha akashindwa kujizuia akamalizia, "Na wewe hujambo, binti?" Kitaa kikawa cha kijani.

Babu alikaa akizisikiliza saa zake zote, moja baada ya nyingine. Kisha akanyoosha kidole kwenye saa ya pembeni, akasema hiyo inachechemea. Kasuku alicheka huku akilia.

"Babu," alisema, furaha imemrudisha kwenye domo lake, "lakini nisingedanganya, dada asingekuja."

Babu alimgeukia.

"Uongo wako ulimleta muuzaji na begi lake, mjukuu wangu. Kama usingesema kweli, angeondoka na begi lake na mimi ningebaki na uziwi wangu. Aliyenisaidia ni yule aliyebaki baada ya kusikia kweli. Hao wa kwenye simu wametukosea, sibishi. Lakini anayekukosea yuko kwenye simu, na wewe ukamwumiza aliyekuja kwa miguu. Hiyo si haki."

Kisha akamwomba muuzaji saa yake ya mkono. Tangu asikie, alisema, amegundua kwamba inakwenda kwa kusita. Aliifungua, akaisafisha, akaisikiliza na kumrudishia, na alipoulizwa malipo alitikisa kichwa. Mwenye deni alikuwa mtu mwingine. Alimwambia Kasuku alichukue lile begi, amfuate dada mpaka kwa watu waliomngoja, na aeleze kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini amechelewa. Kibanda hakitafungwa, aliongeza, kwa hiyo akirudi atamkuta.

Begi lilikuwa zito, na Kasuku alielewa jinsi yule dada alivyochoka. Walipofika kwenye nyumba ya kwanza mtaa wa nyuma, alilitua mlangoni. Mzee mmoja alitoka akiwa amenuna. Kasuku alimpa shikamoo, akamwuliza hali ya nyumbani, kisha akasema ukweli.