Robo Mbili Nje ya Uwanja

Jumamosi ile asubuhi Milembe na mama yake, Domitila, walikaa uani kwao Dutwa wakichambua pamba. Pamba nyeupe ilikwenda kwenye kapu kubwa, na fifi, ile yenye madoa na majani makavu, ilitupwa kwenye gunia kuukuu. Ni kazi ya kuumiza mgongo, lakini mikono ikishaizoea, mdomo unabaki huru. Milembe aliutumia wake vizuri sana.

"Mayu, hivi ni haki kweli?" alimuuliza mama yake. "Mimi ndiye ninayefunga magoli mengi kuliko wote, halafu nakalishwa nje robo mbili nzima."

"Na wenzako hawakalishwi?"

"Wanakalishwa."

"Basi haki gani unayoitafuta?" mama yake alisema bila kuinua macho. "Hebu angalia, umetia fifi kwenye nyeupe."

Milembe alikuwa na miaka kumi na tatu, miguu mirefu na jicho kali la kulenga pete. Timu yao ya netiboli ilifundishwa na Mwalimu Eliaichi, aliyehamia Dutwa akitokea Moshi, na mwalimu huyo alikuwa na sheria moja isiyopinda. Mchezo una robo nne. Kila msichana anacheza robo mbili, na robo mbili anasimama pembeni kushangilia wenzake. Wengine waliipenda sheria hiyo. Kwa Milembe, kutolewa nje ilikuwa sawa na kupewa adhabu. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana walikuwa wanacheza na wasichana wa Mkula, na timu itakayoshinda ndiyo ingekwenda Bariadi mjini kwenye bonanza la likizo.

Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Baiskeli zilipangwa kuuzunguka, watu wanatafuna miwa, na akina mama waliotoka mashineni kusaga walikuwa wamekalia madebe yao ya unga. Robo ya kwanza Milembe alicheza, na alicheza kweli. Dutwa walipata magoli sita, Mkula matatu. Katika yale sita, manne yalikuwa yake.

"Milembe pumzika, Felisita ingia," alisema Mwalimu Eliaichi. "Milembe, utaongoza ushangiliaji. Utarudi robo ya nne."

Felisita alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni. Alikuwa mpole, mfupi kidogo, na hajawahi kufunga goli hata moja kwenye mechi. Alipopita, alimshika Milembe mkono na kumwambia, "Niombee." Milembe aliitikia kwa kichwa tu. Moyoni alikuwa amefura.

Sasa, ili uelewe alichofanya, ni lazima ujue jambo moja. Usukumani, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Mshindi ni kile kinachovuta watu wengi. Mtazamaji akivutiwa, anaondoka huku anakwenda kule, na mambo yamekwisha. Milembe alikuwa amekulia humo. Bibi yake mzaa baba alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na nyimbo, na mjukuu alikuwa amerithi mabega yale yale.

Basi alichukua debe tupu lililotumika kushangilia, akaenda nalo mbali, nyuma kabisa ya goli, akaanza kulipiga. Alipiga, akaimba, akatikisa mabega. Mashabiki wa Mkula walikuja na ngoma yao, na mpigaji wao, kijana aliyeitwa Anatoli, hakukubali kuachwa nyuma. Alihamia huko huko akajibu mapigo. Hee, kumbe watu walikuwa na hamu. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa umeupa mchezo mgongo, watu wanakimbilia mara kwa Milembe, mara kwa Anatoli, vigelegele juu. Nancy, aliyekuwa akicheza katikati, naye aligeuka kuangalia. Mpira ukampita. Akageuka tena, ukampita tena.

Milembe alijua fika anachofanya. Alitaka waone kwamba akitoka yeye, hapana mchezo.

Katikati ya makelele hayo alitupa jicho uwanjani juu ya bega lake. Felisita alikuwa amesimama chini ya pete, mpira mkononi. Alikunja magoti, akarusha. Mpira ulizunguka juu ya chuma, ukasita, ukaingia. Felisita aliruka, kisha akageukia watu, uso umemjaa cheko. Alichokiona ni migongo. Cheko lile likaisha taratibu, akashusha mikono, akarudi kwenye nafasi yake.

Milembe aliona yote hayo. Debe likawa zito ghafla.

Robo iliisha Mkula wana nane, Dutwa saba. Wasichana walikunywa maji. Mzee Luhende, jirani yao, alikuja akicheka na kumpongeza Milembe. "Ngoma yao umeifunika, mjukuu wangu. Watu wote walikuwa kwako."

Hakuna aliyemlaumu. Kila mtu aliona ni mambo ya kawaida, ngoma imelia na watu wamefuata. Angeweza kunyamaza na jambo likaishia hapo. Lakini Felisita alimsogelea na kumuuliza polepole, "Umeliona goli langu?"

"Nimeliona," Milembe alisema. "Nadhani mimi peke yangu. Na wengine hawakuliona kwa sababu yangu. Nimewavuta watu makusudi, Felisita. Niliona wivu." Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, ni mimi niliyewaharibia wenzangu. Naomba mnisamehe."

Mwalimu Eliaichi alimwonyesha Milembe debe kwa kidole.

"Debe unalo bado," alisema. "Na robo ya tatu inaanza sasa hivi."

Milembe alielewa. Alikwenda moja kwa moja kwa Anatoli. "Kaka, tusishindane tena. Tusimame pale kwenye mstari. Wewe waimbe wachezaji wako, nami niwaimbe wangu."

Anatoli alicheka. "Unaogopa kushindwa?"

"Hapana. Wanacheza bila watu. Wangu na wako."

Kijana aliangalia uwanja, akaona wasichana wa Mkula nao walivyopooza, akabeba ngoma yake. Waliteremka pamoja wakipiga, na watu, kama ilivyo ada, wakafuata sauti hadi kwenye mstari. Hapo Milembe alianza kuwataja wenzake kwa majina, mmoja mmoja, kila anayegusa mpira. Akimtaja Nancy, watu wanaitikia Nancy. Akimtaja Felisita, akina mama wanapiga vigelegele.

Na jambo la ajabu, alifurahi. Hakuwa amewahi kumtazama Felisita akicheza. Hakujua kwamba anakimbia bila kuchoka, wala kwamba anamrudishia mwenzake mpira anapoona mwenzake yuko pazuri zaidi. Felisita alifunga mawili. La pili Milembe alilishangilia hadi sauti ikamkauka. Robo iliisha kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Robo ya nne walibadilishana. Milembe aliingia, Felisita akashika debe. Kwa mara ya kwanza Milembe alisikia jina lake likiimbwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kulinyamazia, na machozi yalimlenga huku anakimbia. Alicheza kwa nguvu zake zote, akafunga matatu. Mkula walifunga manne. Filimbi ikalia.

Kumi na sita kwa kumi na tano. Safari ya Bariadi ilikuwa ya Mkula.

Milembe aliketi chini kwenye vumbi. "Ni ile robo ya pili," alisema. "Nimewapotezea."

"Ndiyo," alijibu Mwalimu Eliaichi, akiketi kando yake. Hakumdanganya. "Ile ilituumiza. Ila umesema ukweli mwenyewe, na ukaenda kurekebisha. Sikiliza, mwanangu. Siwatoi nje kuwaadhibu. Kucheza kunakupa afya na furaha. Kumtazama mwenzako akicheza, ukamfurahia kwa moyo mweupe, nako ni michezo, na ndiko kutakakobaki siku miguu yako itakapochoka kukimbia. Mtu asiyeweza kumshangilia mwenzake anakosa nusu ya raha yote."

Kivuli kilisimama mbele yao. Walikuwa Anatoli na kapteni wa Mkula.

"Mwalimu, shikamoo," alisema yule kapteni. "Bariadi hatuna watu. Wazazi wetu wako mashambani, wanavuna. Tumekuja kuwaomba mje kutushangilia."

Mwalimu Eliaichi aligeuka. Alimtazama Milembe.

Milembe alisimama, akajikung'uta vumbi, akamtazama Felisita, kisha akamgeukia yule kapteni.

"Nitajieni majina yenu nyote," alisema. "Mmoja mmoja, nisije nikamsahau mtu."