Kigingi cha Nchi Kavu

Boti ilijiondokea, ikikokota kigingi nyuma yake.

"Uliifunga wapi, dada?" kaka yake, dereva wa boti, aliuliza.

Mpima ardhi alikuwa ameifunga kwenye kigingi chake mwenyewe, alichokipigilia mwezi uliopita alipoandika na kutia sahihi kwamba kinamasi hiki cha mikoko ni nchi kavu, inayofaa kujengwa maghala. Leo alikuja kuongeza vingine, kaka yake akimwendesha. Maji yalijaa, yakaking'oa kama jino bovu.

Na maji gani hayo! Malori ya tajiri wa maghala yalikuwa yameshaanza kufukia ukingo wa mikoko kwa takataka: nepi, matumbo ya machinjioni, oili chafu. Korongo mmoja alikuwa amenyongwa na mfuko wa plastiki, funza wakimtoka machoni. Mpima alitapika.

Kaka aliruka kuifukuza boti. Akazama mpaka kiunoni, chupa ikampasua wayo.

"Sishiki chini! Nivute!"

Mpima alimrushia kamba ya kupimia, akavuta hadi viganja vikachubuka. Maji yalikuwa yamewafika magotini.

"Nina kiu," kaka alisema.

"Maji haya usiyaguse hata kwa ulimi. Funga mguu kwa shati. Twende kule kwenye mikoko mizima, mizizi itatushika."

Walijikokota ndani ya uvundo, kitu laini kikimpita Mpima mapajani, asitake kujua ni nini. Kwenye mikoko mizima walikumbatia mizizi. Kaa walipanda mashina kuyakimbia maji, nao wakapanda nyuma yao. Maji yaliwafika shingoni, yakasimama. Kaka alitetemeka na kusinzia. Mpima alimshika ukosi asizame, akijilaani.

Maji yalipoanza kupwa, wanawake wavua kaa waliwakuta, wakiwa ndani ya mtumbwi. Wanawake hao walikuwa wamefukuzwa pale na walinzi wa tajiri.

"Mpima, si ulisema hapa nchi kavu? Mbona umelowa?" mmoja alimcheka. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Haya, pandeni."

Kaka aliachwa zahanati, akishonwa. Mpima hakuoga. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa tajiri, akakaa kwenye kiti cheupe cha wageni, tope likichuruzika.

Tajiri aliziba pua. "Mama wee! Kinanuka nini?"

"Nchi kavu yako, bosi. Kigingi kimeng'oka chenyewe. Vilivyobaki nakwenda kuving'oa mimi, na sahihi yangu naifuta leo."