Shahidi wa Emerance

Sogeeni karibu, wajukuu, munyamaze kidogo. Haya yalimpata rafiki yangu Emerance, hapa Murara, alipobaki peke yake kisha kumzika mama yake.

Alitafuta kazi ya kutunza wagonjwa. Jirani yake Umuhoza akamwandikia profili kwenye mtandao wa kazi.

"Mama Emerance, wanataka mutu wa kushuhudia kama umeshatunza mugonjwa."

"Nani? Nilimtunza mama tu, na yeye yuko makaburini!"

Umeme ukakatika. Gizani simu ya Emerance ikalia, Umuhoza akasoma ushuhuda ulioingia kwenye profili, bila jina: "Nikigonga ukuta mara tatu, ananiletea maji."

Ukutani, upande wa chumba cha marehemu, pakagongwa: ko, ko, ko.

Kazi ilipatikana. Emerance hakwenda, mama angebaki na nani?

Emerance alipokufa, Umuhoza alirithi simu yake. Mimi nilirithi kikombe alichompelekea mama maji, na kila jioni ukuta wangu unagongwa mara sita: tatu za mama, tatu za Emerance.