Si Mshipa, ni Tundu

Pwa.

Mpira ulilia gizani. Tusekile alikuwa macho, lakini hakujigeuza. Juu ya bati mvua ilinyesha taratibu, ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka na mtu. Pwa. Mpira ukalia tena.

Mumewe, Ackson, alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa anajifunga kinenani kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Alivuta, akakaza, akaachia. Kisha akavaa suruali, akachukua shazia yake, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akatoka.

Ilikuwa hivyo kila alfajiri. Tusekile alijua ni yeye peke yake anayeusikia mpira ule. Binti yao Bupe, wa miaka mitano, alikuwa amejikunja kitandani kwake, kimya.

Siku hizo malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuingia mpaka vijijini kununua viazi na ndizi. Zamani mazao yalisubiri gari la ushirika. Sasa lori ndilo lililokusubiri wewe, na dereva anapiga honi. Ackson alishona magunia ya viazi na kuyapakia. Katika kijiji kizima cha Matwebe hapakuwa na mtu wa kushona gunia likashikamana kama yeye.

Tusekile alikwisha kumwuliza. "Baba Bupe, hicho unachokifunga ni nini?"

"Mshipa tu. Ukifungwa unatulia."

"Basi nenda hospitali."

"Wakanikate mshipa? Mama Bupe, unataka kuishi na mwanaume au na picha ya mwanaume?"

Rafiki yake Asajile, mpakiaji mwenzake, ndiye aliyezidi kumtia hofu. "Nenda tu," alimwambia mbele ya watu. "Ukirudi, mwalimu wa kwaya atakutoa kwenye besi akuhamishie sauti ya kwanza. Utasimama na mama zetu." Watu walicheka. Ackson naye alicheka. Lakini jioni alichemsha mizizi michungu akanywa.

Siku moja mchana, Ackson alirudi nyumbani ameegemea bega la Asajile. Uso wake ulikuwa kama majivu. Alikuwa ananyanyua gunia, uvimbe ukatoka kinenani, mkubwa kama yai la bata. Siku nyingine ulikuwa unarudi mara anapolala. Siku hiyo haukurudi. Alilala chali kwenye nyasi, magoti juu, mpaka lori likaondoka. Ndipo ukarudi wenyewe.

"Umerudi," alisema Ackson. "Leo umechelewa tu."

Tusekile alimfunika shuka. "Na siku usiporudi?"

Ackson alijivutia shuka mpaka kidevuni.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, jina lake Doreen. Alihamishiwa huku kutoka Kagera, na kwa baridi ya Rungwe alikuwa bado anavaa sweta mbili. Jioni ile ile Tusekile alimfuata, akamweleza yote. Doreen alikuja, akakaribishwa ndizi za kuchemsha, akala. Bupe alikuwa amelala. Hapo ndipo Doreen akaanza.

"Shemeji, mwenzangu ameniambia. Usimkasirikie."

Ackson alitazama moto. "Ni mshipa tu, nesi."

"Hilo jina ndilo linalotuponza. Si mshipa. Inaitwa ngiri. Na ngiri ni tundu."

"Tundu?"

"Hebu niambie wewe fundi. Gunia limejaa, mshono umechoka. Viazi hufanyaje?"

"Vinachungulia."

"Ukivisukuma kwa kiganja?"

"Vinarudi. Ukilinyanyua, vinatoka tena."

"Ukilizungushia kamba kwa nje?"

Ackson alicheka kidogo. "Nesi, anayefunga kamba gunia lililofumuka ni mvivu. Lori halijafika Kiwira, viazi viko barabarani. Gunia linashonwa."

Alikuwa amejisikia mwenyewe. Mkono wake ulishuka polepole mpaka pale mpira ulipokaza chini ya suruali.

Doreen hakumcheka. "Tumbo lina ukuta wa nyama," alisema. "Ukuta ukiwa dhaifu hapa kinenani, utumbo unachungulia. Unatoka ukinyanyua mzigo, ukikohoa, hata ukijikamua chooni. Ukilala, unarudi. Ile mizizi haiwezi kushona tundu. Na mpira unabana nje tu, tundu liko pale pale."

"Lakini kisu, nesi." Ackson alimtazama mkewe, akashusha sauti. "Bupe hana mdogo wake bado."

Kumbe hiyo ndiyo hofu yenyewe. Si picha ya mwanaume. Ni mtoto wa pili.

"Daktari anaurudisha utumbo ndani, anashona ukuta," alisema Doreen. "Mishipa ya uzazi iko jirani, naye anaijua na kuichunga. Uanaume haukatwi. Shemeji, cha kuogopa ni kusubiri. Utumbo ukinaswa kwenye tundu, damu haifiki, unaoza. Kwa hiyo uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, hapo si pa kulala kwenye nyasi. Vivyo hivyo ukitapika, au choo na hewa vikigoma kutoka. Usile, usinywe, usiusukume kwa nguvu. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata mvua inyeshe."

"Wanawake nao hupata?" aliuliza Tusekile.

"Hupata. Na watoto wachanga pia."

Ackson alichokonoa moto kwa kijiti. Mwisho akasema, "Nitakwenda. Ila Asajile asijue."

"Asajile si ndiye aliyekukokota mpaka hapa?" alisema Tusekile. Wote watatu wakacheka.

Hospitali ya Igogwe, daktari alimsimamisha Ackson, akamwambia akohoe. Akagusa, akatikisa kichwa. Ni ngiri, ni ya kushonwa, na isikae sana. Alimpangia siku.

Siku hiyo Tusekile alikaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani, akisali kimoyomoyo. Alipoingia wodini, Ackson alikuwa macho, miguu bado ina ganzi.

"Walinichoma sindano ya mgongoni," alisema. "Kuanzia kiunoni sikusikia maumivu. Ila nilijua anavuta uzi. Anashona kama mimi, Mama Bupe. Tofauti ni kwamba mafundo yake ni madogo."

Kesho yake alitembea, kiganja juu ya kidonda. Aliporuhusiwa, daktari alimpa masharti. Asinyanyue mzigo mzito kwa miezi mitatu, maana ngiri inaweza kurudi. Ale mboga na maharage, anywe maji, asijikamue chooni. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au homa ikipanda, arudi mara moja.

Kutonyanyua kulimtesa kuliko kidonda. Lori likifika, mikono yake ilikwenda kwenye gunia yenyewe. Kidonda kilipopona, Tusekile alimbebea kigoda mpaka barabarani. "Mikono yako kazi yake ni shazia," alimwambia. Akawa anashona, wenzake wanapakia.

"Mwimbaji," Asajile alimwita siku ya kwanza, "sauti ya kwanza imefika?"

Ackson alisafisha koo, akaiachia besi yake mpaka dereva akatoa kichwa dirishani. Watu walicheka. Asajile alicheka kuliko wote.

Lakini watu walipotawanyika, alibaki nyuma. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umebana kinena. Ackson alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini kila baada ya kupakia mkono ule uliingia mfukoni.

"Huyo daktari," Asajile alisema, anatazama chini. "Anapatikana siku zote?"

Ackson hakucheka. "Kesho nitakusindikiza."

Miezi mitatu ilipita. Tusekile sasa alikuwa mjamzito, mimba changa, waliojua ni Ackson na Doreen tu. Asubuhi moja alipokuwa anaanika godoro, ule mpira ulianguka chini. Ackson aliuokota. Alikwenda nao kwenye banda la kuku, ambalo mlango wake ulikuwa haufungi vizuri. Alivuta, akakaza, akaachia.

Pwa.

Bupe alikuwa amekaa kizingitini na kikombe chake cha uji. Aliinua uso, akautazama mpira, akamtazama baba yake.

"Baba, huo ndio ulikuwa unaniamsha."