Kimya cha Swami

Banda la video la Mikaeli pale stendi ya Makambako halipo tena. Siku hizi panauzwa vipuri vya pikipiki, na vijana wanaoshinda pale hawajui kwamba paliwahi kujaa watu wakimlilia mzee wa Kihindu ambaye hakusema neno. Mimi najua, na kila nikipita hupunguza mwendo.

Ilianza na upepo. Upepo wa Julai Makambako hauna adabu. Eveline alikuwa ameshuka kutoka Njombe na furushi la sweta za shule, alizofuma kwa mashine yake nyumbani kwao Yakobi. Kamba ikakatika, sweta nyekundu zikatawanyika stendi nzima. Alivaa gauni la bluu na koti la marehemu baba yake, na lile koti lililomfika magotini likamzuia kukimbia. Ndipo kipaza sauti kikalia mlangoni kwa Mikaeli:

“Abiria wote, tulieni! Ukiona sweta nyekundu, ishike, usiikanyage! Kuna mtoto atatetemeka darasani kwa ajili yako!”

Stendi ikacheka, ikainama, ikaokota. Mwenye sauti akaja na sweta za mwisho mikononi, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi.

“Kamwene, dada. Zimetimia?”

“Zimetimia, asante. Kwani wewe ndiye mkuu wa stendi?”

“Mimi ni sauti tu. Gideoni, wa Makete. Natafsiri filamu mle bandani. Mchina akipigwa, anayelia ni mimi.”

Eveline alicheka mpaka akashika kiuno. “Mkinga! Nilijua tu. Ninyi kwa biashara mnauza hata ukungu.”

“Basi nipe namba yako. Nikipata mnunuzi wa ukungu wa Njombe, nikupigie.”

Alimpigia jioni ileile, na mnunuzi hakuwepo. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Eveline alifuma huku simu ameibana begani, akicheka peke yake.

“Leo anaongea nani?”

“Mfalme wa Misri. Analalamika binti wa Yakobi hajamsalimia tangu asubuhi.”

“Mwambie mfalme avae sweta, nasikia anakohoa.”

Ah, siku zile! Hata mvua ya Njombe ilikuwa tamu. Ni siku moja ya mvua kama hiyo Eveline alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kaka yake, Fredy, aliondoka kwenda kutafuta kazi upande wa Liganga, na mwaka wa tisa ulikuwa unapita bila barua wala simu. Kila jioni mama yake alimpakulia ugali na maharage, akafunika sahani kwa sahani na kuiweka pembeni ya mafiga. Asubuhi aliipasha moto akaila mwenyewe, ili isionekane kwamba mwenye sahani hakuja.

“Mama hapendi watu wajue,” Eveline alisema. “Wakijua watamhurumia, na yeye huruma haiwezi.”

“Limefika kwangu, limeishia hapo,” Gideoni akajibu. Alimaanisha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mshenga wake aende Yakobi.

Ndipo ikaja filamu ya Swami. Wateja wa Mikaeli walipenda za Kihindi, zenye nyimbo, machozi na ngumi. Mikaeli alipata moja kwenye flashi ya dereva wa lori, akaona mahekalu na maua, akabandika tangazo: FILAMU MPYA YA KIHINDI. Banda likafurika. Kumbe ilikuwa filamu ya maisha ya kweli ya kiongozi mmoja wa dini, mzee mwembamba mwenye vazi la rangi ya chungwa, anayefagia ua wa hekalu na kuwapakulia wageni wali.

“Stering ndiye huyo?” mtu akauliza.

“Ndiye,” Gideoni akajibu.

“Anapigana saa ngapi?”

Gideoni hakujua Kihindi. Alisoma Kiingereza kilichopita chini ya picha, akakigeuza, na taratibu watu wakaanza kumpenda yule mzee. Muuza viazi mmoja alisema angefaa kuwa mchungaji wao. Kisha Swami akaketi kwenye ngazi za mto, akanyamaza. Dakika nne nzima, na chini ya picha hapakuandikwa kitu.

“Dijei, sema!”

“Umelala?”

Mtafsiri wa banda hanyamazi. Ndiyo kazi yenyewe, watu wamekuja kusikia. Gideoni akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichokuwa karibu na moyo wake.

“Namkumbuka mama yangu,” akasema kwa sauti ya kizee. “Tangu niondoke, kila jioni ananifunikia sahani. Asubuhi anaila yeye, ili isionekane kwamba sikuja.”

Banda zima likaanza kupenga kamasi. Muuza viazi akajifuta machozi kwa khanga. Kesho yake Gideoni akaipandisha filamu mtandaoni na sauti ileile, na maoni yakamiminika: “Dijei umeniliza, niko sokoni Mbeya.” “Huyu mzee si wa dini yangu ila nimempigia mama simu.” Gideoni aliyasoma yote, akavimba kichwa. Alijua fika maneno yale yametoka wapi, lakini hakuyafuta.

Siku ya tatu likaingia la Hosiana, jirani wa Yakobi aliyezoea kuja asubuhi kuomba moto jikoni kwao: “Sahani hii mbona naijua? Si ya mama Fredy hii?”

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walimzunguka mama Fredy kumpa pole. Alirudi nyumbani kabla ya mnada wa mazao ya sadaka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Nilikutania kwamba mnauza hata ukungu,” Eveline alimwambia Gideoni kwenye simu. “Sikujua utamuuza na mama yangu.”

“Eve wangu, walikuwa wananipigia kelele, nika...”

“Mshenga wako asije.” Akakata, akaizuia namba.

Mwezi ulipita. Mashine ilifuma, simu haikulia. Eveline alimchukia Gideoni asubuhi, na ikifika jioni alimkumbuka.

Kisha alasiri moja mama yake akaketi kwenye kigoda karibu na moto. “Hiyo filamu wanayonisemea. Nionyeshe.”

“Mama, achana nayo.”

“Wameiona wote isipokuwa mimi.”

Eveline akaitafuta. Ile ya zamani ilikuwa imefutwa, palikuwa na mpya. Kabla ya picha kuanza Gideoni alisema, bila mbwembwe: “Mara ya kwanza nilimpa mzee huyu maneno yasiyo yake. Yalikuwa ya mtu mwingine, na sikuwa na ruhusa. Naomba anisamehe.”

Swami alipoketi kwenye ngazi, hakuna aliyesema. Ulisikika mto tu. Kwenye maoni watu walikuwa wakilalamika: “Sauti imekata?” “Dijei kalala!” Eveline aliyasoma kwa sauti, ila mama Fredy hakugeuka. Alimtazama yule mzee dakika zote nne, mikono magotini.

“Huyu naye kuna mtu anamngoja,” akasema. “Kijana wako amesema nini hapa?”

“Hajasema kitu, mama.”

“Hata walipomtukana?”

“Hata walipomtukana.”

Mama akasogeza kuni. “Mwite aje.”

Eveline akatoka uani, akaifungua namba.

“Siku thelathini na moja,” Gideoni akasema kabla ya salamu.

“Ulikuwa unahesabu?”

“Mkinga nisihesabu?”

Akacheka huku analia. “Mama anakuita. Njoo kwanza wewe, mshenga atafuata.”

“Leo?”

“Leo, mpenzi. Usinikalishe.”

Ukungu ulishuka mapema siku ile, na magari ya kutoka Makambako yakachelewa. Ugali ukaiva, Gideoni bado. Eveline akasema wale tu, mgeni atajijua akifika.

Mama Fredy akavuta sufuria. Alipakua sahani ya Fredy, akaifunika, akaiweka pembeni ya mafiga kama siku zote. Kisha akachukua sahani nyingine, akapakua, akafunika, akaiweka kando ya ile ya kwanza.