Siku Shangazi Alipogoma

Likizo ilipoanza, Kidoti alikuwa akifuatana na mama yake kazini kila asubuhi. Jina la Kidoti alipewa kwa ajili ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake, nalo likamganda mpaka hata walimu wakalizoea. Mama yake alikuwa dereva, lakini si dereva wa gari. Aliendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo yenye mikono miwili ya chuma mbele na mtungi wa gesi nyuma. Foklifti yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, na kila ikiwashwa hukohoa kwanza ndipo iseme. Wafanyakazi wa ghala waliipa jina la Shangazi, kwa kuwa ilikuwa na kelele za kugomba tangu asubuhi hadi jioni, lakini kazi zote nzito zilimwangukia yeye.

Kidoti alimpenda Shangazi kama ndugu. Viatu vyake vya shule, begi lake, hata miwani yake ya kusomea, vyote vilitoka kwenye mikono ile ya chuma. "Shangazi akila, na sisi tunakula," mama alizoea kusema, kisha huipigapiga mashine begani kana kwamba inasikia.

Sakafuni mwa ghala palikuwa na mstari wa njano. Watoto na wageni hawakuruhusiwa kuuvuka. Kidoti alikuwa na benchi lake upande wa nje wa mstari, jirani na birika la chai, na hapo ndipo alipomtazama mama akifanya kazi. Jioni mama hufunga koki ya mtungi, kisha huiacha injini iunguze gesi iliyobaki kwenye mpira wa kupitishia gesi mpaka izimike yenyewe. Asubuhi huinama nyuma ya mashine, huku amejishika kiuno kinachomuuma, na kuifungua koki tena. Mkono wake ulivyoizungusha Kidoti hakuwahi kuona, maana mgongo wa mama ulimziba.

Asubuhi moja mama alikwenda ofisini kuchukua ufunguo. Kidoti akabaki peke yake na Shangazi.

"Mama ananihangaikia kila siku," akawaza. "Leo na mimi nimpunguzie kazi, angalau kiuno kipumzike."

Akachukua kitambaa, akauvuka mstari. Alifuta kiti mpaka kikang'aa, akafuta na kioo. Kisha akaiona koki. Ah, koki tu! Nyumbani si hufungua ya jiko la gesi kila siku? Akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha haraka haraka mpaka mwisho. Ndani kitu kikalia tak! Kidoti hakujali. Alirudi kwenye benchi lake akijisikia mtu mzima.

Mama alirudi na ufunguo, akaanza kuikagua mashine kama desturi yake. Alipoinama kwenye koki, mkono wake ukasimama.

"Iko wazi," alisema taratibu. "Jamani! Ina maana jana sikuifunga?"

Mwingine angeifunga kimya kimya na siku ikaenda. Mama hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliwaambia wenzake wasogee mbali, akafungua milango yote ya ghala, kisha akaenda mwenyewe kumwita msimamizi.

Msimamizi alikuja mbio, na nyuma yake, bila mbio zozote, akaja fundi wa mitambo. Huyu walimwita Fundi Taratibu. Hata kama nyumba inaungua, walisema watu, angemaliza chai yake kwanza.

"Koki wazi usiku kucha?" msimamizi alifoka. "Mama, gesi ikivuja humu, cheche moja tu na ghala lote linakwenda, na sisi ndani yake! Sheria unaijua. Anayeacha koki wazi hashiki tena usukani."

"Naijua, bosi," mama alijibu.

Fundi alipaka povu la sabuni kwenye koki na kwenye mpira. Hakuna kiputo kilichotoka. "Haivuji," alisema. Akautikisa mtungi, akaona ni mzito. "Na gesi imo. Haya, jaribu kuwasha."

Shangazi akakohoa, akakohoa tena, akanyamaza. Mama alijaribu upya, mambo yakawa yale yale.

"Ananyimwa chakula," fundi akasema huku akikuna kidevu. "Chungu kimejaa, lakini mdomoni hakifiki kitu. Ama chujio limeziba, ama regulata, ile ya kupunguza nguvu ya gesi, imekufa. Itabidi nifungue kila kitu."

"Basi na ifunguliwe," msimamizi alisema. "Ikipona, ataendesha mwingine. Mama, wewe utahamia kwenye kufagia."

Mama alivua glavu zake, akaziweka juu ya kiti kile kilichong'aa.

"Sijui nimekuwaje," alisema kwa sauti ya chini. "Nakumbuka kabisa kwamba niliifunga. Nauona mkono wangu ukiifunga. Labda akili imeanza kunitoka."

Kidoti alisikia kila neno. Akisema, yatamkuta makubwa. Asiposema, mama atabeba kosa lisilo lake, tena atalala akidhani ana wazimu. Hilo la pili hakuweza kulivumilia.

"Mama hakusahau!" sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Nimeifungua mimi, sasa hivi, ulipokuwa ofisini. Nilitaka kukusaidia. Nisamehe, mama."

Fundi Taratibu aliweka spana chini, akamsogelea.

"Hebu niambie, mjukuu wangu. Uliifungua polepole, au kwa mara moja?"

"Kwa mara moja. Ikalia tak."

Fundi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ooh! Basi mgonjwa wetu hana ugonjwa! Sikiliza. Ndani ya koki hii mna kilango cha usalama. Gesi ikitoka kwa kasi, kilango hudhani mpira umekatika, kinajifunga kutulinda. Ndiyo maana mama yako huifungua kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga."

Akaifunga koki, akasubiri. Mara kilango kikalia tik ndani, kikarudi mahali pake. Akaifungua tena, kidogo, kidogo, kidogo. Kisha akampa mama ishara. Shangazi akakohoa, halafu akaanza kugomba kama kawaida yake. Wafanyakazi wakapiga makofi.

Msimamizi alimgeukia mama. "Nimekuhukumu kabla ya kuuliza. Niwie radhi. Chukua glavu zako." Kisha akamtazama Kidoti kwa jicho kali. "Na wewe, mstari huu?"

"Sitauvuka tena, shikamoo," Kidoti alijibu kwa kubabaika, na watu wakaangua kicheko, kwa kuwa shikamoo yake alikuwa ameshampa asubuhi.

Mama alipiga magoti mbele yake. Kidoti akafumba macho, akingojea kugombezwa. Badala yake akahisi mikono miwili imemkumbatia.

"Umenikosea, na ungeweza kutuunguza," mama alisema. "Mtu akitaka kumsaidia mwenzake, humuuliza kwanza anahitaji nini na kazi yenyewe hufanywaje. Lakini ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Nilikuwa nimeanza kujiogopa mwenyewe, mwanangu. Umenirudishia akili yangu. Ahsante."

Kidoti alilia, na hakujua kama ni kwa aibu au kwa furaha.

Mama akapanda kwenye mashine. Kabla ya kuondoka alipitisha kiganja juu ya kiti, akageuka.

"Na kiti nimekiona," alisema. "Ahsante kwa hicho pia. Kesho kitambaa nitakuletea hapo hapo kwenye benchi, unifutie kofia yangu ya kazi."